UZI: Kabuti la reli la babu bado lavaliwa, koti langu la mvua la miaka minne limebanduka. Kwa nini?

#1 MtotoWaMakupa
Asalaam alaikum na hamjambo wote. Nina swali linaloniwasha tangu mvua za masika zianze.

Babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa gadi wa treni. Aliacha kabuti la sufu, rangi ya samawati iliyokolea hadi kukaribia weusi, zito ajabu. Nyumbani twasema alipewa 1938. Baada ya babu likaenda kwa baba, na sasa liko kwa ami yangu ambaye ni mlinzi wa usiku Miritini. Miezi ya kusi, Juni mpaka Agosti, hulivaa kila usiku kuanzia saa sita. Bitana imebadilishwa mara mbili, kwapa la kulia lina kiraka, na kola imegeuzwa. Basi. Nguo yenyewe haijachanika.

Mimi nami nilinunua koti la mvua miaka minne iliyopita, jipya na la bei, la kupandia milima. Nilipanda nalo Vuria kule Taita mara mbili, na siku nyingine nikavukia feri ya Likoni mvua ikinyesha. Lilikaa kabatini tangu Desemba. Juzi nimelitoa, ndani lanata kama ulimbo, utando mweupe watoka vipande vipande kama ngozi ya nyoka, na lina harufu mbaya. Halijachanika popote, lakini si koti tena.

Naomba kila mwenye kitu cha zamani ambacho bado kinatumika nje, juani, mvuani, baharini, barabarani, aseme: ni nini, kina umri gani, na anadhani kwa nini kimedumu. Nguo, viatu, begi, taa, chochote.

#2 FundiWaMajengo
Nashona tangu 1991, kwa hiyo nitasema ninachokiona mezani.

Ukiniletea koti la zamani nalifungua mshono kwanza. Ndani nakuta akiba ya kitambaa, kidole kizima pande zote mbili, imekunjwa vizuri. Aliyeshona alijua mwenye koti atanenepa, au atakufa na koti lende kwa mwanawe aliye mpana. Koti la sasa halina akiba, limekatwa pembeni kabisa mwa mshono, na juu yake wamegundisha utepe. Gundi ikichoka, utepe watoka, maji yaingia. Mimi sina cha kushika.

Tena kuna siri ya uzi. Watu hudhani uzi mgumu ndio bora. Si kweli. Uzi ukiwa mgumu kuliko kitambaa, siku ya kuvutwa utakikata kitambaa. Uzi wa pamba ukivutwa sana hukatika wenyewe, mshono wafumuka, nguo yabaki nzima, na fundi anashona tena kwa dakika kumi. Makoti yale ya zamani yalishonwa yafumuke pale panaposhonekana.

#3 BiKibokoni
Mwanangu MtotoWaMakupa, hebu liangalie kabuti vifungoni. Vifungo vya kazini vya zamani vilikuwa vya shaba na vina herufi. Tuambie zasemaje.

#4 MtotoWaMakupa
Shukran Bi. Nimempigia ami. Asema ni vya shaba na vimeandikwa EAR&H, na chapa nyingine katikati imefutika kwa kusuguliwa.

#5 MzeeWaChangamwe
Basi hapo lazima tuirekebishe historia ya nyumbani kwenu, kwa heshima zote.

EAR&H ni East African Railways and Harbours. Shirika hilo lilizaliwa 1948, reli ya Kenya na Uganda ilipounganishwa na ya Tanganyika. Kabla ya hapo ilikuwa Kenya and Uganda Railways and Harbours, na herufi zilikuwa KUR&H. Na 1969 bandari zikatengwa na reli, herufi zikabadilika tena, mpaka Jumuiya ikavunjika 1977. Kwa hiyo kifungo cha EAR&H ni cha kati ya 1948 na 1969. Kabuti la 1938 haliwezi kuwa nacho.

Hata hivyo, likiwa la 1969 kabisa, ni nguo iliyopita miaka 50 mgongoni mwa watu watatu. Si haba.

Mimi nilifanya kazi reli miaka mingi nikiwa kijana. Sababu ya kudumu nakupa mimi: kabuti halikuwa lako. Lilikuwa la stoo. Ukiandikiwa, watia sahihi, na ukilipoteza lakatwa mshaharani. Karani wa stoo alikuwa akilishika mkononi, alivute, alinuse, alirudishe kama halimridhishi. Mnunuzi alikuwa mmoja tu naye ni mkali. Leo wanunuzi ni maelfu na kila mmoja atazama rangi.

#6 KemiaNaBahari
Nafundisha kemia sekondari, nami koti kama hilo limenipata, kwa hiyo nimelichunguza.

Kilichokufa kwenye koti lako si kitambaa. Kitambaa ni nailoni au poliesta na kitakaa miaka mingi. Kilichokufa ni utando wa poliyurethani uliopakwa ndani ili maji yasipite. Aina nyingi za poliyurethani huvunjwa na maji, kwa kitendo kinachoitwa haidrolisisi. Si lazima unyeshewe. Mvuke ulioko hewani unatosha, na joto hukiharakisha kitendo hicho. Sasa fikiria Mombasa: joto mwaka mzima na hewa nzito yenye unyevu. Ulipolifungia kabatini tangu Desemba, likiwa limekunjwa na pengine lina jasho, ulilipa mazingira ya kuoza. Ule mnato na ile harufu ndivyo dalili zake.

Hairudi nyuma. Unaweza kuubandua utando wote ukabaki na koti la upepo, lakini la mvua limekwisha.

Na si jambo geni. Charles Macintosh wa Scotland alipata hataza ya kitambaa cha mpira 1823. Alikuwa akiyeyusha mpira kwa nafta na kuubana baina ya vitambaa viwili. Wakati wa joto makoti yale yalinata, na wakati wa baridi yakawa makavu kama ubao. Tatizo lilipungua pale mpira ulipoanza kupikwa na salfa, ugunduzi wa Charles Goodyear wa 1839. Koti lako limerudi kule kwa Macintosh.

#7 BeliLaKongowea
Nauza mitumba Kongowea, makoti na mabegi. Nawasikiliza nyote na ninaona mmesahau kitu kimoja kikubwa.

Mnaliona kabuti lililobaki. Reli ilitoa makabuti mangapi? Mengine yako wapi? Yameoza, yameliwa na nondo, yamekatwa matambara ya kupigia deki, yamezikwa na takataka. Lililobaki ni moja na mnasema "vitu vya zamani vilikuwa imara". Kila asubuhi nikikata beli naona koti la zamani bovu, kola imeliwa, zipu imeota kutu, naliweka kwenye fungu la matambara. Hilo hakuna atakayelifungulia uzi.

Na hata haya ya sasa, yako yatakayofika miaka 50. Wajukuu wetu watayashika waseme watu wa zamani walijua kushona.

#8 FundiWaMajengo
#7 umesema kweli lakini si yote. Mimi napata matambara ya zamani na ya sasa. La zamani likifa lafia kwenye kitambaa, limechakaa kiwiko, limekuwa jepesi mpaka waona upande wa pili. La sasa lafia kwenye zipu, gundi au utando huku kitambaa chake kizima. Hivyo ni vifo viwili tofauti.

#9 NahodhaMtongwe
Hamjambo watu wa nchi kavu.

Hilo kabuti mnalolisifu, nipeni mimi niende nalo baharini msimu mmoja wa kusi muone litarudi nini. Chumvi haikauki. Nguo iliyoingia maji ya bahari ukiianika yakauka, jioni umande ukishuka yarudi majimaji, kwa sababu chumvi hunywa maji ya hewani. Zipu ya aluminiamu yaota unga mweupe na kukwama. Ya chuma yafa. Ya shaba yaenda, na ya plastiki nayo yaenda mpaka jua liivunje.

Yangu yaliyodumu ni mawili. La kwanza ni karabai ya babangu, ya shaba, ya mafuta ya taa. Tulivulia nayo usiku tangu sijaoa. Kinachokufa ndani ya karabai ni ile ngozi ndogo ya pampu tu. Ikikauka haisukumi hewa. Naitoa, nailaza kwenye mafuta ya nazi usiku kucha, asubuhi yavimba, nairudisha. Ikichoka kabisa nakata nyingine kwenye kiatu kikuukuu. Vijana wangu sasa wana taa za sola na ni nzuri, nami nazitumia. Lakini taa ya sola ikifa siifungui nikaona kitu ninachokijua.

La pili ni maarifa, si chombo. Wazee walikuwa na tanga la marekani, pamba tupu, nayo pamba baharini huoza upesi. Walichemsha maganda ya mkandaa, aina ya mikoko, mpaka maji yawe mekundu kama damu, wakalitumbukiza tanga, wakatumbukiza na nyavu na kamba. Tanga likatoka na rangi ya udongo. Lilikaa misimu. Hayo marekani yaliletwa na wamishonari wa Kimarekani, ndiyo maana ya jina.

#10 DerevaWaMalaba
Nahodha, nyinyi mwaita baridi ule upepo wa kusi? Njoo tupande lori tukalale Timboroa mwezi wa saba ndipo uniambie umande. Pale hata kabuti la #1 litaomba kabuti.

Changu ni chupa ya chai. Ya chuma nje na ndani, rangi ya kijani, iliyokuwa ya mwajiri wangu wa kwanza, naye aliinunua ikiwa tayari imetumika. Imeanguka Mtito Andei, imeanguka Salgaa, imekanyagwa na gurudumu la toroli pale Mariakani. Ina mabonde kila upande. Natia chai ya tangawizi Mombasa saa moja usiku, nikifika Mtito bado yaunguza ulimi. Zile za kioo ndani nimevunja nne.

Kwa nini imedumu? Kwa sababu haina kitu ndani. Kweli wallahi. Baina ya kuta mbili hamna chochote, hewa imenyonywa. Kitu kisichokuwepo hakiozi.

#11 KemiaNaBahari
DerevaWaMalaba umesema sawasawa. Chupa ya kioo yenye ombwe ni kazi ya James Dewar, 1892. Ya chuma ni ya William Stanley wa Marekani, 1913. Ombwe likishika ndani ya chuma laweza kukaa miongo. Siku ukiona nje kumepata joto ukitia chai, jua hewa imeingia na hakuna wa kuitengeneza.

#12 BiKibokoni
Nahodha, nakuheshimu, lakini hapo kwa marekani umeteleza. Ilikuwa biashara, hata kabla wamishonari hawajaenea pwani hii. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakiteremsha Unguja pamba isiyopaushwa, wakiondoka na pembe, sandarusi na ngozi. Mkataba wa Marekani na Sayyid Said ulitiwa sahihi Maskati 1833. Kitambaa kikachukua jina la nchi, kama tunavyofanya kwa vitu vingi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 mpaka 1865, vilipozuia pamba, vitambaa vya Bombay vikashika nafasi, lakini jina likabaki.

Sasa niseme langu, maana naona kila mtu amesifu fundi, stoo, chuma na kemia, na hakuna aliyeuliza kabuti lilikuwa likilala wapi. Kitu cha sufu Mombasa kina adui wawili, nondo na kuvu. Viwavi vya nondo hula sufu kwa sababu sufu ni nywele. Wanapenda zaidi mahali penye jasho na mafuta ya mwili, kola na kwapa. Kwetu, kaskazi ikianza na hewa kukauka, bibi alikuwa akitoa kila kitu kashani. Akipiga vumbi kwa fimbo, akianika kivulini penye upepo, si juani, akigeuza ndani nje, akichana mishono kwa brashi kwa sababu mayai ya nondo hukaa mshononi. Kisha anafukiza udi, anakunja kwa shuka safi na vipande vya kafuri, anafunga kasha. Kila mwaka. Hakuna mwaka aliouacha.

MtotoWaMakupa, kwenu nani alifanya kazi hiyo? Kabuti halikujitunza miaka yote hiyo. Muulize ami yako, utapata jina la mwanamke.

#13 MtotoWaMakupa
Bi, nimeuliza. Ni nyanya, na baada yake shangazi mkubwa. Ami asema shangazi alikuwa akimgombeza akilivua na kulitupa kitini. Mpaka leo akitoka lindo hulitundika kwenye mti wa mwanzi uliopita mikononi, kama alivyofunzwa. Nimelijua leo jambo hilo, nami nimeishi nyumba hiyo. Ahsante.

#14 SkautiWaTudor
Nina shanta ya turubai, mikanda ya ngozi na bizimu za shaba, niliyorithi kwa kiongozi wetu wa skauti. Nimepanda nayo mpaka kambi ya Shipton, Mlima Kenya. Ikiwa kavu ni nzito, ikinywa maji ni kama kubeba mtoto wa pili. Ila haivuji sana, kwa sababu nyuzi za pamba hufura zikilowa na matundu yakajiziba. Nyepesi za nailoni nimeshabadilisha tatu.

Buti zangu nazo ni za ngozi, soli imeshonwa pembeni. Nimebadilisha soli mara tatu kwa fundi wa Mwembe Tayari. Rafiki yangu alikuja na buti mpya kabisa, zilikuwa zimekaa kwenye boksi miaka saba, hajazivaa. Siku ya kwanza, Shimba Hills, soli zote mbili zikavunjika kama mkate mkavu. Akarudi na kandambili.

Na msidhani watu wa zamani walikuwa wakiteseka kwa kukosa vitambaa vya sasa. Mwili wa George Mallory, mpanda milima Mwingereza aliyepotea Everest 1924, ulipatikana 1999, juu ya mita 8,000, na vipande vya nguo zake bado vilikuwa mwilini: hariri, pamba, sufu, na juu yake gabadini, kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Zilishonwa nyingine za mfano huo na kujaribiwa Everest 2006, zikaonekana zafaa. Gabadini yenyewe ni ya Thomas Burberry, 1879. Hayo makoti ya mvua ya Gore-Tex yalitoka jeshini miaka ya hamsini na bado watu wanayaita mapya.

#15 KemiaNaBahari
SkautiWaTudor, mawili.

Buti za rafiki yako ni ugonjwa ule ule wa #1. Soli ya katikati ilikuwa povu la poliyurethani. Huoza hata ndani ya boksi, na wengi wameona kiatu kinachovaliwa mara kwa mara huchelewa kuoza kuliko kilichofichwa. Kwa hiyo usiweke akiba ya viatu vya aina hiyo Mombasa.

La pili, Gore-Tex haikutoka jeshini. Bob Gore aligundua namna ya kuitanua teflon kwa kuivuta ghafla 1969, Marekani, na kitambaa chake kikaanza kuuzwa 1976. Na Mallory alihifadhiwa na baridi kavu. Mlete Mtongwe uone kama gabadini ingefika 1925.

#16 SkautiWaTudor
Nimekubali kwa Gore-Tex. Kwa Mallory sikubali. Sikusema nguo zilikaa kwa uimara tu, nimesema zilifaa kuvaliwa.

#17 NahodhaMtongwe
Bi Kibokoni nimepokea, ahsante kwa darasa la marekani. Dereva, ukija Mtongwe nitakupa kiti cha mbele chomboni saa tisa usiku bila koti, kisha tuzungumze habari za Timboroa.

Lakini mwalimu, wewe wasema Mombasa huozesha. Mbona ile meli ya Mreno pale mbele ya Fort Jesus mbao zake zilikutwa?

#18 KemiaNaBahari
Santo António de Tanná, ilizama 1697 na wataalamu waliichimbua kuanzia 1977. Sehemu iliyosalia ni ile iliyozikwa topeni. Kwenye tope hakuna hewa ya kutosha, na waharibifu wa mbao hawapumui humo. Iliyobaki wazi majini ililiwa. Kwa hiyo chombo kile kile, bahari ile ile, nusu imedumu na nusu haipo. Mimi hili ndilo linanifanya niamini mahali pa kukaa kitu ndiyo sababu kubwa kuliko aliyekitengeneza.

#19 MzeeWaChangamwe
Mwalimu, meli haikuvaliwa kila usiku Miritini.

#20 BeliLaKongowea
Mzee 😄

Nirudi kwenye soko kidogo. Siku hizi wako vijana kutoka Nairobi na wengine hata wa ng'ambo wanaokuja kutafuta koti la zamani tu. Wanageuza ndani, wanasoma lebo, wanaangalia zipu. Koti la pamba lililopakwa nta ninaliuza bei ya makoti mapya matatu, nalo linanuka. MtotoWaMakupa, ukitaka kuuza kabuti niambie, nina mtu. Vifungo peke yake vina bei.

#21 MtotoWaMakupa
Haliuzwi kaka. Ami atalala na nini?

#22 DerevaWaMalaba
BeliLaKongowea umeona msiba umekuja na tenda 😄

Ila hilo la nta hebu fundi atueleze. Nina koti la turubai la pamba, la zamani, zuri, lavuja mabegani tu.

#23 FundiWaMajengo
Lioshe kwa maji baridi na brashi, bila sabuni ya unga, likauke kabisa. Kisha chukua nta ya nyuki, au mshumaa mweupe ukikosa, uchanganye na mafuta kidogo ili isiwe kavu ikavunjika mikunjoni. Wengine hutumia mafuta ya kitani. Sugua kipande cha nta juu ya kitambaa, mabegani na mishononi zaidi, kisha lipashe joto kwa pasi iliyotanguliwa na karatasi, au lilaze juu ya bati saa saba mchana, jua la Mombasa latosha. Nta itanyonywa. Rudia mara mbili. Baada ya hapo usilifue tena kwa maji moto.

Onyo: ni la barabarani na bara. Hapa mjini mchana litakunata na kuchafua kiti cha lori. Na kwenye koti la nailoni lililo laini nta haishiki, litakuwa limepakwa tu.

#24 KemiaNaBahari
Tafadhali sana msome hili kabla ya kufuata #23. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani msiyafinyange mkayatupa pembeni. Mafuta yale yanapokauka hula oksijeni na kutoa joto, na tambara lililofinyangwa laweza kuwaka moto lenyewe, bila kiberiti. Yatandazeni nje yakauke moja moja, au yalowekeni kwenye ndoo ya maji. Nyumba zetu za Mji wa Kale zimegusana, moto mmoja ni wa mtaa mzima.

#25 FundiWaMajengo
Ahsante mwalimu. Sikuwa najua sababu, lakini marehemu mwalimu wangu alikuwa akiyatundika ukutani na hakuruhusu tuyafinyange. Nilidhani ni utaratibu wake tu.

#26 NahodhaMtongwe
Nani bado auza maganda ya mkandaa? Nimepata kipande cha pamba nzito, nataka nimfunze mjukuu. Najua mikoko yalindwa na ni haki ilindwe, kwa hiyo naulizia ya mti ulioanguka wenyewe.

#27 BiKibokoni
Uliza vikundi vya akina mama wanaopanda mikoko upande wa Tudor na Jomvu. Wao wajua mti upi umeanguka na nani wa kuombwa ruhusa.

#28 MzeeWaChangamwe
Sijaridhika bado na habari ya 1938. Familia haikosei hovyo hovyo. Babu yako alianza kazi mwaka gani, MtotoWaMakupa?

#29 MtotoWaMakupa
Mzee, hilo ndilo lililonirudisha. Leo jioni nimekwenda mwenyewe kwa ami kabla hajatoka. Babu alianza 1937, karatasi zake ziko. Kisha nimelishika kabuti na kurunzi, kifungo kimoja kimoja. Vifungo vya mbele ni sita, vyote EAR&H. Lakini kuna kifungo kidogo ndani, cha kufungia ubavuni, ambacho hakuna anayekiona. Hicho kimeandikwa KUR&H.

#30 MzeeWaChangamwe
Lahaula. Basi huenda kabuti ni la 1938 kama mlivyosema, na vya mbele vilibadilishwa reli zilipounganishwa. Hilo lilifanyika, mtu kubaki na koti lake akapewa vifungo vipya.

#31 BiKibokoni
Au kabuti ni la baada ya 1948, kifungo cha ndani kikapotea, na nyanya akashonea kile alichokuwa nacho kwenye mkebe wa vifungo, cha koti la kwanza la babu. Mimi nina mkebe kama huo hapa, una vifungo vya watu ambao nimesahau sura zao.

#32 BeliLaKongowea
Kama ni hivyo, je, ni kabuti lile lile? Bitana si yake, kola imegeuzwa, vifungo si vyake.

#33 FundiWaMajengo
Ni lile lile. Kitambaa ndicho koti.

Na jibu la kifungo liko kwenye uzi. Kigeuze upande wa nyuma uniangalizie: uzi ulioshikilia kile cha ndani ni sawa na uzi wa tundu lake? Una rangi moja? Kuna kipande kidogo cha kitambaa au kifungo cha mfupa nyuma yake? Kiwandani walikuwa wakiweka kitu nyuma kukitegemeza. Mkono wa nyumbani mara nyingi hauweki. Piga picha ya karibu.

#34 MtotoWaMakupa
Fundi, umechelewa kwa nusu saa. Mvua imeanza huku Makupa na ami ameshaondoka nalo lindo. Hurudi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nitamsubiri mlangoni na kurunzi.